Mafao ya Bima ya Jamii: Nani Hubeba na Nani Hubebwa

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma)



Mwalimu apokeapo hati ya mshahara wake mwisho wa mwezi, jicho lake hukimbilia mstari wa chini kabisa, ule unaoonyesha fedha zitakazofika mkononi. Njiani jicho hilo hupita juu ya mstari mwingine ambao wengi huusoma kwa kinyongo, nao ni ule wa makato ya mfuko wa pensheni. Kwa mtumishi wa umma makato hayo ni asilimia 5 ya mshahara, na Serikali kama mwajiri inawajibika kuongeza asilimia 15. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, ambaye mfuko wake ni NSSF, jumla ni ile ile asilimia 20, ila kwa kawaida mzigo hugawanywa nusu kwa nusu.

Mfanyakazi husema, "Wamenikata." Akisha kusema hivyo hujifariji kwamba fedha yake imewekwa mahali ikimngoja. Kwa kweli sehemu kubwa ya fedha hiyo haimngoji mtu. Mwezi ule ule huwa imekwisha kulipwa kwa mjane aliyeko Songea, au kwa mwalimu mzee wa Bukoba aliyestaafu kabla huyu akatwaye hajaajiriwa. Naye zamu yake itakapofika atalipwa kwa michango ya vijana ambao leo wamo darasani mwake wakijifunza kugawanya na kuzidisha.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya akiba na bima, na bila ya kuishika tofauti hiyo haiwezekani kufahamu kwa nini makundi mbalimbali ya watu hupata mafao mbalimbali kutoka mfuko ule ule mmoja. Katika akiba kila mtu hula alichoweka. Katika bima watu wengi huchanga kwa ajili ya jambo ambalo litawapata baadhi yao tu, au litakalowapata wote lakini kwa vipimo visivyolingana. Anayefariki akiwa na miaka 62 humwachia fungu yule atakayefika miaka 90. Asiyeumia kazini humsaidia aliyekatwa mkono na mashine. Si sadaka, maana kila mmoja alichanga bila kujua atakuwa upande gani.

Tanzania imepitia njia zote mbili, na historia hiyo inafaa kukumbukwa. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya kuanzisha Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa wengi kama NPF. Mfanyakazi alichanga, mwajiri akachanga, jina likaandikwa, na ulipofika uzee fedha zote zikatolewa kwa mara moja pamoja na riba yake. Mpango ulikuwa rahisi kuuelewa na ulipendwa. Udhaifu wake ulifichuka katika miaka ya 1980, bei za vitu zilipokuwa zikipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka huku riba ikibaki nyuma. Aliyechanga tangu siku za kwanza za mfuko, shilingi ilipokuwa shilingi, alikabidhiwa mwishoni kitita ambacho kwa idadi kilikuwa kikubwa na kwa sokoni kilikuwa kidogo. Fedha yenyewe ikiisha, imekwisha. Hapakuwa na mwezi wa pili. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 1997 iliugeuza mfuko huo kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, unaolipa pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa uhai wa mwanachama.

Wazo la bima ya namna hiyo lina umri wa zaidi ya karne moja. Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya wagonjwa mwaka 1883, ya ajali za kazini mwaka 1884, na ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Bismarck hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Alikiogopa chama chao, akaona ni heri kuwapa kitu kuliko kungoja wachukue vyote. Umri wa kupata pensheni ya uzee uliwekwa kuwa miaka 70, katika nchi ambayo wafanyakazi wengi wa viwandani hawakuufikia. Jambo hilo linastahili kuangaliwa na kila asomaye sheria ya mafao: ahadi inaweza kuwa nzuri katika karatasi, na masharti yake yakawa yameteuliwa hivi kwamba wachache tu ndio watakaoionja.

Kwa watumishi wa umma wa Tanzania Bara, mfuko unaohusika hivi sasa ni PSSSF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, yaani PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Mwanachama anaweza kustaafu kwa hiari akifikia miaka 55, na kwa lazima akifikia miaka 60. Ili apate pensheni ya kila mwezi anapaswa kuwa amechangia miezi isiyopungua 180, ambayo ni miaka 15. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi uko katika neno moja ambalo miaka hii limeingia hata katika mazungumzo ya wasiojua hesabu: kikokotoo.

Chukuliwe mfano wa mwalimu aliyechangia miezi 360, ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi yake ingegawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka, apate shilingi milioni 8. Nusu ya hiyo ingezidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, ambao ni shilingi milioni 62. Nusu iliyobaki ingemfikia kidogo kidogo, kiasi cha shilingi 333,000 kila mwezi. Kanuni mpya ya mwaka 2018 iligawanya miezi kwa 580, ikapunguza kizidisho kuwa 12.5, na ikaweka mkupuo kuwa robo tu. Kwa mwalimu yule yule mkupuo ungekuwa shilingi milioni 23 na ushei, na pensheni ya mwezi kiasi cha shilingi 465,000.

Watumishi walilia, na kilio kilisikika. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alisimamisha matumizi ya kanuni hiyo na kuamuru mifuko irudi katika kanuni za awali wakati wa kipindi cha mpito. Julai 2022 kikaanza kikokotoo kingine chenye mkupuo wa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha tena, ufike asilimia 40 kwa kundi la waliokuwa wakipata nusu katika mifuko yao ya zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Kwa asilimia 40 mwalimu wa mfano huu hupata mkupuo wa kiasi cha shilingi milioni 37 na pensheni ya shilingi 372,000 kwa mwezi.

Waliotetea mabadiliko walisema kwamba pensheni ya mwezi imeongezeka, na kwamba mkupuo mkubwa huwapotosha wazee. Neno la kwanza ni kweli, lakini lipimwe. Katika mfano huu mwalimu amepoteza shilingi milioni 24 na zaidi katika mkupuo, na ameongezewa kiasi cha shilingi 39,000 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo iifikie hasara yake angehitaji kuishi zaidi ya miaka 50 baada ya kustaafu. Neno la pili nalo lina ukweli wake, maana wapo wastaafu waliomaliza kiinua mgongo katika mwaka mmoja. Hata hivyo, haifai kusahau mkupuo ulikuwa ukifanya kazi gani. Mtumishi ambaye mshahara wake wote huishia katika chakula, kodi ya nyumba na ada za watoto hana njia nyingine ya kujenga nyumba isipokuwa siku ile moja. Kwake mkupuo ni paa. Anayemwambia asubiri kila mwezi amwambie pia atalala wapi baada ya kukabidhi nyumba ya shule.

Basi kwa nini kanuni ilibadilishwa? Jibu halimo katika ubahili wala katika uovu wa mtu fulani, nalo ni la zamani kidogo. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali kuu waliokuwa katika ajira ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni hawakuchanga chochote. Pensheni yao ilikuwa ahadi ya Hazina. PSPF ilipoanza, ilibebeshwa jukumu la kuwalipa watu hao kwa miaka yao yote ya utumishi, ikiwa ni pamoja na ile ambayo hakuna hata senti iliyoingizwa mfukoni kwa ajili yao. Serikali ndiyo iliyopaswa kuleta fedha hizo, na kwa muda mrefu haikuzileta kwa ukamilifu. Mfuko ukawa unamlipa mzee kwa mchango wa kijana, na deni la Hazina likikua. Hatimaye, mwaka 2021, Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kupunguza deni hilo. Ilikuwa hatua ya haki, lakini ilikuja wakati mfuko umekwisha kupinda mgongo. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 2005 hakukopa kitu, hakutia sahihi mkataba wowote wa deni, ila katika kikokotoo chake imo sehemu ya malipo ya deni ambalo mwenyewe hakulifanya. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, maana mtumishi anayefahamu sababu huweza kudai kinachodaika, na asiyefahamu hubaki kulaumu karani wa dirishani.

Kundi la pili ni la wale wanaoachwa. Hapa hesabu ni nyepesi na mambo ni mazito. Mwanachama akifariki, mjane au mgane, watoto ambao hawajafikia umri wa kujitegemea, na pengine wazazi waliokuwa wakimtegemea, wanastahili mafao. Sheria imeandikwa vizuri. Lakini mafao ya warithi hayatembei yenyewe kutoka katika sheria hadi katika mkono wa mjane. Hupita katika karatasi. Inatakiwa cheti cha kifo. Inatakiwa cheti cha ndoa, na ndoa nyingi za kimila hazina cheti. Vinatakiwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na majina yaliyomo humo yalingane na jina la marehemu kama lilivyoandikwa siku ya kuajiriwa. Kwa kawaida hutakiwa muhtasari wa kikao cha ukoo na hati ya Mahakama ya Mwanzo ya kumteua msimamizi wa mirathi. Zinatakiwa barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini, ambazo zimo katika jalada, na jalada limo katika kabati, na ufunguo wa kabati anao mtu aliyekwenda likizo.

Kijana aajiriwapo akiwa na miaka 24, bado hajaoa, hujaza fomu ya wategemezi na kuandika jina la mama yake. Baadaye huoa, huzaa, huhamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine mara tatu au nne. Fomu haihami naye, au ikihama haifunguliwi. Siku ya msiba inagundulika kwamba mtegemezi aliyeandikwa alikwisha kuzikwa miaka kumi iliyopita, na kwamba mke anayelia hapo mkekani hayumo katika kumbukumbu yoyote ya mwajiri. Mara nyingine hujitokeza wawili, kila mmoja na watoto wake, na shemeji wa marehemu huwa wa kwanza kujua njia ya kwenda mahakamani. Wajane wengi hawanyimwi haki na mtu katili. Hunyimwa na nafasi iliyoachwa wazi katika fomu.

Wasikilizaji wa mazungumzo haya wanahusika na jambo hilo mara mbili. Kwanza wao wenyewe ni wanachama, na fomu zinazozungumzwa ni zao. Pili, wengi wao ndio watunzaji wa majalada ya wenzao: afisa utumishi, mwalimu mkuu, afisa elimu kata, karani wa masjala. Katika vitabu mjane analipwa na mfuko. Katika maisha yake ya kila siku analipwa, au halipwi, na yule aliyepaswa kuandika barua moja Jumatatu na akaiandika mwezi wa tatu. Miezi hiyo mitatu ina ada ya shule ndani yake. Hali kadhalika wastaafu wenyewe, ambao kila wakati fulani hutakiwa kuhakikiwa ili ijulikane kwamba wangali hai. Uhakiki ni wa lazima, kwa sababu pensheni ya marehemu ikiendelea kutoka kuna mtu anaila. Lakini mzee aliyevimba miguu, aliyelazimika kusafiri kutoka kijijini hadi mjini kuthibitisha uhai wake, anajua kwamba utaratibu unaweza kuwa wa haki na bado ukawa wa kuumiza. Uhakiki kwa njia ya simu umepunguza adha hiyo kwa mwenye simu inayofaa na mjukuu anayeijua.

Walioumia kazini ni kundi jingine, na hapa mabadiliko yamekuwa mema kuliko inavyofahamika. Chini ya sheria ya zamani iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni, fidia ya juu kabisa ya mfanyakazi ilikuwa kiasi kilichowekwa zamani na kuachwa bila kuguswa, hata katika siku zake za mwisho hakikufika shilingi 150,000. Mtu aliyepoteza macho alilipwa pungufu ya bei ya baiskeli nzuri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka mfuko maalumu, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu. Aliyepata ulemavu wa kudumu unaomwondolea kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa kila mwezi asilimia 70 ya kipato chake. Kasoro iliyobaki ni ya taarifa: ajali isiyoandikwa haina fidia, na maradhi ya kazini, kama vile kifua cha mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi, huja polepole na kwa kawaida huitwa kwa jina jingine.

Kina mama wajawazito wanayo likizo yenye malipo ya siku 84 kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, au siku 100 kama wamejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mifuko hutoa fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya uchangiaji. Kwa waliopoteza ajira si kwa hiari yao, sheria za mwaka 2018 zilileta fao la kukosa ajira, kiasi cha theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Fao hilo lilizaliwa kwa maumivu. Mwaka 2012, ilipotangazwa kwamba mwanachama hataruhusiwa tena kuchukua michango yake yote mara aachapo kazi, wafanyakazi wengi walipinga, wa migodini wakiwa mstari wa mbele, na hoja yao ilikuwa na uzito: mgodi hufungwa, mkataba huisha, naye mtu wa miaka 35 anaambiwa angoje miaka 20. Theluthi moja kwa nusu mwaka haimtoshi mtu huyo, ila humpa nafasi ya kuvuta pumzi.

Matibabu yana mfuko wake, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kuhudumia mwaka 2001, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara unaogawanywa sawa baina ya mtumishi na mwajiri. Kuhusu huo yatosha kusema kwamba mgonjwa na mzima huchanga sawasawa, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Neno moja liongezwe kwa walimu wa shule za binafsi. Wapo waajiri wanaokata mchango wa mfanyakazi na wasiupeleke mfukoni. Hati ya mshahara inaonyesha makato, kumbukumbu ya mfuko haionyeshi kitu, na jambo hilo hugunduliwa siku ya ugonjwa au ya kuachishwa. Sheria inalihesabu kuwa kosa. Mwanachama asingoje siku hiyo; taarifa ya michango yake ni haki yake kuiomba wakati wowote, na siku hizi huipata hata kwa simu.

Hadi hapa yametajwa makundi ambayo yana jambo moja linalowaunganisha: jina lao limo katika orodha ya mishahara. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliposema kwamba kila mtu mwenye uwezo anapaswa kufanya kazi, lilitoa watoto, wazee na vilema, na wale ambao Taifa limeshindwa kuwapatia kazi. Halikuuliza kama mzee huyo aliwahi kuwa karani au alikuwa mkulima. Bima ya jamii, kwa namna inavyofanya kazi, huuliza. Mkulima wa muhindi wa Rukwa, mvuvi wa Mafia, mchuuzi wa Kariakoo na msichana wa kazi za nyumbani, ambaye kisheria naye ni mfanyakazi lakini mwajiri wake ni mara chache sana kumwandikisha, wote huzeeka. Hakuna anayewakata, na kwa sababu hiyo hakuna anayewalipa. Wao ndio walio wengi.

Zanzibar imejaribu njia nyingine. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hulipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, kwa fedha za bajeti yake yenyewe. Kiwango kilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na mwaka 2023 kikapandishwa kuwa shilingi 50,000. Kwa lugha ya kitaalamu hiyo si bima, maana haina mchango wa mwanachama. Bibi aliyelima mwani Paje kwa nusu ya umri wake angeweza kujibu kwamba mchango aliutoa, ila hapakuwa na daftari la kuuandika. Fedha ni ndogo. Hata hivyo, kwa mzee ambaye hajapata kuwa na shilingi isiyoombwa kwa mtoto au mkwe, mwezi wenye siku ya malipo ni mwezi wa namna nyingine, na wajukuu huijua tarehe.

Kwa upande wa Bara, kaya maskini zimekuwa zikifikiwa na ruzuku za TASAF, ambazo mpango wake wa kunusuru kaya ulianza mwaka 2012, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa mwaka 2023. Kwa upande wa uzee, mlango uliopo kwa asiye na mwajiri ni kujiunga mwenyewe kwa hiari. NSSF huwapokea waliojiajiri. Ugumu wake ni huu: mtumishi hakuombwa hiari yake, alikatwa kabla hajaiona fedha, na nyuma yake alikuwepo mwajiri aliyeongeza fungu kubwa kuliko lake. Mchuuzi anatakiwa atoe mwenyewe kutoka katika fedha aliyokwisha kuishika, peke yake, mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa, kwa ajili ya siku ambayo iko mbali. Watumishi wangapi wangechanga kwa masharti hayo?

Karibu kila shule ina mama anayeuza uji na maandazi langoni. Huwasha moto alfajiri, na saa nne, kengele ya mapumziko inapolia, walimu na wanafunzi humwendea. Kuna shule ambazo mama huyo ameuza kwa miaka mingi kuliko mwalimu yeyote aliyepo ofisini. Anatimiza miaka 60 katika mwaka ule ule anaostaafu mwalimu wa darasa la saba aliyekuwa akinywa uji wake kwa mkopo. Mwalimu huagwa kwa hotuba na godoro, kisha jina lake hupelekwa mfukoni. Mama huwasha moto kesho yake kama kawaida. Angeweza kuandikishwa. Mchango wake angeweza kuutuma kwa simu ile ile anayopokelea malipo ya uji. Afisa wa mfuko yuko makao makuu ya mkoa na hafiki huko mara kwa mara. Aliye karibu, anayejua kusoma masharti na kuyaeleza kwa maneno yanayoeleweka, ni yule aliyeketi kwenye benchi lake kila saa nne na kikombe mkononi.